Wiki za Mwisho za Darasa la Kwanza Kando ya Ziwa Viktoria

Mwaka wa shule nchini Tanzania huanza Januari na kukoma Desemba, na katika Mkoa wa Mwanza wiki zake za mwisho humkuta mwanafunzi wa darasa la kwanza katikati ya mambo matatu: mvua za vuli, ambazo zikipiga mabati sauti ya mwalimu haisikiki; msimu wa kulima, unaowavuta watoto wa Kwimba, Magu na Misungwi kwenda shambani au machungani; na mtihani wa kufunga mwaka, ambao mara nyingi huandikwa ubaoni ili watoto waunakili na kuujibu. Jambo hilo la tatu ndilo lenye utata mkubwa zaidi, kwa sababu mtoto ambaye bado hajajua kusoma hawezi kupimwa kwa karatasi inayomtaka kwanza asome swali, na sifuri anayoipata haimwambii mwalimu wala mzazi kama amekwama kwenye herufi, kwenye silabi au kwenye maana.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza umejengwa juu ya stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, haukuuondoa msingi huo. Upimaji wa kitaifa wa stadi hizo, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, huwafikia watoto wakiwa darasa la pili, kwa hiyo mwisho wa darasa la kwanza ndio wakati ambapo mtoto aliyebaki nyuma bado anaweza kusaidiwa kabla hajahesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Wataalamu wa elimu hutofautisha upimaji tamati, yaani ule unaofanywa mwishoni ili kutoa hukumu juu ya kilichojifunzwa, na upimaji endelevu, unaofanywa katikati ya ujifunzaji ili kuonyesha hatua inayofuata. Na ingawa kalenda huufanya mtihani wa Novemba au Desemba uonekane kuwa wa aina ya kwanza, kwa mtoto wa miaka sita au saba hauna maana kubwa usipokuwa wa aina ya pili.

Ili mwalimu ajue cha kusikiliza, ni lazima kwanza ajue kusoma kumeundwa na nini. Hatua ya awali ni ufahamu wa sauti, yaani uwezo wa kutambua kwa sikio kwamba neno linagawanyika katika sauti ndogo, na uwezo huu unaweza kupimwa bila kitabu wala chaki. Hufuata silabi za konsonanti moja na irabu, kama ba na me, kisha konsonanti mwambatano, yaani herufi mbili au zaidi za konsonanti zinazotangulia irabu moja, kama katika mwa, nya na ng'o, ambazo ndizo huwakwamisha watoto wengi. Juu ya hapo kuna ufasaha, ambao ni kusoma kwa kasi inayotosha ili mwanzo wa sentensi usisahaulike kabla ya kufika mwisho wake, na ufahamu, ambao ni kupata maana. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu sana, kwa hiyo mtoto aliyezimudu silabi anaweza kutamka ukurasa mzima bila kuelewa sentensi hata moja, hasa ikiwa nyumbani huzungumzwa Kisukuma, Kikerewe au Kizinza.

Darasa linaloimba ba be bi bo bu kwa pamoja, huku mmoja akishika fimbo na kugusa chati, hupendeza kulitazama, lakini halithibitishi chochote, kwa kuwa wimbo huo hukaririwa kama wimbo mwingine wowote. Mwalimu akiifunika chati kwa karatasi, akaacha bo peke yake, kisha akarukia mi na tu bila kufuata mpangilio, katika dakika moja ataona nani anasoma na nani anaimba. Papo hapo anatakiwa kuwa mwangalifu na kosa lisilo kosa: Kisukuma hakina sauti ya r, na mtoto anayeliona neno barua akasema “balua” amelisoma barabara, ila amelitamka kwa ulimi wa nyumbani kwao. Kumwekea alama ya kukosa ni kupima matamshi kwa jina la usomaji, na makosa ya namna hii, yakijumlishwa kwa darasa zima la Usukumani, huweza kuwaonyesha watoto kuwa wazito kuliko walivyo.

Kwa mtazamo huo, shughuli zinazofanywa baada ya mtihani, ambazo huchukuliwa kuwa za kupitisha siku tu hadi shule ifungwe, ndizo zenye taarifa nyingi zaidi. Kitendawili humlazimu mtoto kuunganisha maneno na maana bila msaada wa picha. Michezo ya kuhesabu kwa vizibo vya soda, kokoto au mbegu za ukwaju hudhihirisha kama mtoto anahusisha kila namba na kitu kimoja tu, au anataja moja hadi hamsini kwa kukariri huku kidole kikigusa kizibo kilekile mara mbili. Na vijiti vikifungwa kumikumi, huonekana ni nani ameanza kuelewa thamani ya nafasi, yaani kwamba moja iliyoandikwa kushoto mwa mbili katika 12 inasimama badala ya kumi. Hata bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, ikitayarishwa kwa ajili ya wazazi siku ya kufunga, humtaka mtoto afuate maelekezo kwa mfuatano na ahesabu mapigo, ingawa thamani yake kubwa ni kwamba inafurahisha, na furaha si jambo la kuombea radhi mbele ya mkaguzi.

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni wingi wa watoto, nacho ni cha kweli. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa katika mji huo wa ufukwe wa mashariki wa ziwa, liliharakisha elimu ya msingi kwa wote hadi ikaanza kutekelezwa mwaka 1977, na michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda tena kwa kishindo. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini yako madarasa yenye zaidi ya 100. Hata hivyo, kumsikiliza mtoto mmoja akisoma kadi za silabi na sentensi mbili huchukua kama dakika 3, kwa hiyo watoto 100 huhitaji dakika 300, ambazo ni sawa na kipindi kimoja cha dakika 30 kila siku kwa siku 10 za masomo, wenzao wakiwa wanachora, wakinakili au wakicheza na vizibo. Muda huo hupatikana kwa urahisi zaidi katika wiki za mwisho kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Matokeo ya usikilizaji huo yakiandikwa kwenye ripoti kwa maneno, yatamfaa mzazi kuliko nafasi. Kumtaja mtoto kuwa wa 63 kati ya 118 hakumsaidii mtu yeyote, na Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora kitaifa kuanzia matokeo ya mwaka 2022. Kando ya ziwa hoja hii ina uzito wa pekee, kwa sababu familia za wavuvi wa dagaa huhama kutoka kambi moja hadi nyingine, na mtoto aliyeanza mwaka Ukerewe huweza kuumaliza Buchosa au Sengerema. Namba ya PREM, anayopewa mwanafunzi ili kumbukumbu zake zimfuate ahamapo, itamtambulisha katika shule mpya, lakini mwalimu anayempokea atajua pa kuanzia pale tu ripoti itakaposema kwamba anasoma silabi za konsonanti moja, bado hajamudu mwambatano, na anajumlisha kwa kutumia vitu.

Inabaki likizo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1996 na Harris Cooper na wenzake ulionyesha kwamba likizo ndefu ya kiangazi ilipoteza takriban mwezi mmoja wa mafunzo, na hasara ilikuwa kubwa zaidi katika kukokotoa na katika tahajia. Likizo ya Desemba ni fupi kuliko ile, lakini humkuta msomaji mchanga ambaye silabi zake bado hazijakaa, na mara nyingi katika nyumba isiyo na kitabu. Kurasa mbili za silabi zilizoandikwa nyuma ya daftari zinatosha kwa dakika 10 za kila jioni, na mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza neno lililosomwa lina maana gani, jambo ambalo ndilo hasa mtoto analihitaji. Maandishi mengine yako nje: majina yaliyopakwa rangi ubavuni mwa mitumbwi kwenye mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, vibao vya daladala, bei za maduka. Shule zitakapofunguliwa Januari, mwalimu wa darasa la pili mwenye ripoti hizo za Desemba mkononi hatahitaji kulipima darasa zima upya. Ataanza kwa kuwaita mmoja mmoja wale waliofunga mwaka wakiwa bado kwenye silabi.