‘Ameuawa kwa uchawi’: Namna lugha ya habari inavyowahukumu wazee wetu

MAJUZI nilialikwa Ukunda, Kaunti ya Kwale, kuzungumza na wanafunzi wa uanahabari waliokuwa katika mafunzo ya nyanjani. Nilikuwa nimejiandaa kueleza makosa ya upatanisho wa kisarufi yanayosikika redioni. Sikufika mbali. Mwanafunzi mmoja kutoka pande za Kinango aliinua mkono.

“Mwalimu, nikisoma hewani kwamba ajuza ameuawa kwa uchawi, hapo nimekosea wapi kisarufi?”

Nikamjibu kwamba hajakosea. Kiima kipo, kitenzi kipo, upatanisho ni sawa.

“Basi hebu nieleze,” akasema. “Jirani ya nyanya yangu aliuawa. Redio ikatangaza vivyo hivyo, ameuawa kwa uchawi. Watu wakaanza kusema, si mnaona, hata redio imethibitisha! Wenye mvi waliobaki wakaanza kuhesabiwa mmoja mmoja. Nyanya sasa yuko hapa Ukunda kwa shangazi, na shamba limebaki wazi.”

Darasa lilinyamaza, nami nikafunga daftari langu la upatanisho. Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana huyo.

Mauaji ya wazee wanaodaiwa kuwa wachawi si habari ngeni Kwale na Kilifi. Watetezi wa haki za binadamu na wazee wenyewe wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya madai hayo kuna ugomvi wa ardhi na urithi. Maadamu mauaji haya huripotiwa kwa Kiswahili, yatupasa kuichunguza lugha yenyewe.

Tuanze na ‘kwa’. Tazama sentensi hizi tatu: Alikatwa kwa panga. Alifungwa kwa wizi. Aliuawa kwa uchawi. Katika sentensi ya kwanza, ‘kwa’ inaonyesha kifaa. Katika ya pili inaonyesha kosa lililoleta adhabu: kesi imesikizwa, wizi umethibitishwa, mtu amefungwa. Ya tatu yaweza kusomwa kwa njia zote mbili, yaani alirogwa akafa, au aliuawa kwa sababu yeye ni mchawi. Msomaji aliyezoea habari za mahakamani atachukua maana ya pili, na kwa kuwa muundo ni ule ule wa ‘alifungwa kwa wizi’, uchawi unakuwa kosa lililothibitishwa na mauaji yanakuwa adhabu yake. Hakuna hakimu aliyeketi, lakini sarufi imekwisha kuhukumu.

Pili, kuna ‘mshukiwa wa uchawi’. Wanahabari hudhani kwamba hapa wamekuwa waangalifu. Mimi naona wameongeza kosa. Katika magazeti yetu, mshukiwa ni mtu anayesakwa na polisi. Sasa mzee amelala mochari, naye ndiye mshukiwa. Waliomkata mapanga ni nani? Mara nyingi huitwa ‘vijana wenye hasira’ au ‘umati uliojawa na ghadhabu’. Hasira huwa na sababu, na sababu tumeshaitaja: uchawi. Aliyeuawa anapewa jina la mhalifu, na wauaji wanapewa udhuru.

Tatu ni ‘ajuza’ na ‘kikongwe’. Kijijini mtu akiwa hai huitwa bibi, nyanya au mama fulani. Akishauawa, gazetini anageuka ajuza. Na hicho kiambishi ki- cha ‘kikongwe’ na ‘kizee’ ndicho tunachokitumia kudunisha, kama katika ‘kijitu’. Sisemi maneno haya yafutwe kamusini. Nasema tu kwamba mwandishi ajiulize kama angemwita mamake hivyo.

Mwanafunzi mwingine, wa Msambweni, alinipinga. “Mwalimu, wasikilizaji wetu wanaamini uchawi upo. Mimi mwenyewe siwezi kuapa kwamba haupo. Nikisema mzee alisingiziwa, si nitakuwa nimeegemea upande?”

Hoja yake ina uzito. Kitenzi ‘kusingizia’ kinabeba uamuzi kwamba madai ni ya uongo, na mwandishi hana budi kuwa na ushahidi kabla ya kukitumia. Lakini hatakiwi kuamua kama uchawi upo au haupo. Anatakiwa kueleza lililotendeka na kutaja nani amesema nini. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, tuliyorithi kwa wakoloni, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa aliyetuhumu amepeleka neno lake kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mengine. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Basi mtu aliyesimama kwenye matanga akasema marehemu alikuwa mchawi, huenda yeye ndiye habari.

Tatizo hili pia ni la elimu. Vyuo vyetu vingi hufundisha uanahabari kwa Kiingereza. Kijana anajifunza maadili kwa lugha moja, kisha anaenda kutangaza kwa nyingine, na kazi yake inakuwa kutafsiri haraka haraka kabla ya saa ya taarifa. Kanuni za maadili ya uanahabari zinadai usahihi na usawa, lakini hazitamwambia kwamba ‘kwa’ ina maana mbili. Hilo ni jukumu letu sisi walimu wa Kiswahili, na tumelitelekeza. Tunafundisha vihusishi kama orodha ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Kabla ya kuachana, niliwaomba waiandike upya ile taarifa. Kanuni zilikuwa tatu: muuaji awe kiima, aliyeuawa aitwe kwa heshima, na sababu isitajwe bila kumtaja aliyeisema. Kijana wa Kinango akaandika: “Polisi wanawasaka watu waliomuua bibi mmoja kwa mapanga. Familia yake inasema kulikuwa na mzozo wa shamba.”

Akaisoma kwa sauti, kisha akasema, “Imekuwa ndefu, Mwalimu.”

Ni kweli, imekuwa ndefu. Nilimwomba aisome tena polepole, tukapima kwa saa. Haikufika sekunde kumi na tano.