Mbuzi wa nyanya na kilele cha Lenana

JE, msomaji wetu, umewahi kusimama juu ya kilima cha kwenu alfajiri, ukatazama mabonde yalivyofunikwa na ukungu, ukajiambia kwamba wewe ni mtu wa milima na hakuna mlima utakaokushinda? Sisi tuliolelewa Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, tuna ugonjwa huo. Kwetu mpira ukipigwa kwa nguvu huufuati kando ya uwanja, unaufuata bondeni hadi mtoni. Mtoto huteremka kuteka maji na kurudi akipanda na mtungi. Mama mwenye umri wa miaka 70 huchukua kikapu chake cha ndizi akapanda nacho hadi sokoni bila kutua. Mwambie mtu kama huyo kwamba kuna mahali atakapotembea hatua kumi akalazimika kusimama apumue, naye atakucheka hadi machozi yamtoke.

Isitoshe, tuna ushahidi. Mwaka wa 1968, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Naftali Temu, kijana wa huku kwetu Gusii, ndiye aliyeshinda mbio za mita 10,000 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ron Clarke wa Australia, mmoja wa wakimbiaji hodari zaidi duniani wakati huo, alianguka baada ya kumaliza na akapewa oksijeni. Tangu hapo, nani angemwambia Mkisii habari za hewa nyepesi?

Kwa hivyo sikushangaa mwana wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipoanza kuzungumza kuhusu Himalaya. Ilikuwa Mei 2022, wakati James Kagambi, Mkenya mwenzetu mwenye umri wa miaka 62, alipofika kwenye kilele cha Everest, mita 8,849. Kijana alikata picha yake gazetini akaibandika ukutani. Akaniambia, "Baba mdogo, yule mzee ana miaka 62. Mimi nina 20. Nimekaa nikifanya nini?"

Nepali ni mbali na nauli yake si ya watu kama sisi. Tukakubaliana tuanze na mlima wetu wenyewe. Si kilele cha Batian, mita 5,199, wala Nelion, mita 5,188, kwani huko hupandi bila kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Tungekwenda Lenana, mita 4,985, ambapo mtu mwenye afya hufika kwa miguu. (Ajabu ya mlima huu ni kwamba umebeba jina la nchi nzima, Wakikuyu wanauita Kirinyaga, lakini vilele vyake vitatu vikubwa vina majina ya ukoo mmoja wa malaiboni wa Kimaasai.)

Nyanya yake ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya pesa. Aliuza mbuzi. Hakutupinga wala hakutuhimiza. Aliuliza swali moja tu tulipoenda kumuaga, "Huko juu mnaenda kumtembelea nani?" Tulicheka. Kisha akatufungia ndizi mbivu katika mfuko, na tukashika matatu ya kwanza kati ya nyingi, tukapitia Kericho, Nakuru na Nyahururu hadi Nanyuki. Ilikuwa Agosti 2023, msimu wa kiangazi mlimani, nasi tulikuwa wanne: mimi, kijana na marafiki wake wawili wa chuo.

Hapa, msomaji, sina budi kukiri jambo. Kiongozi tuliyempata Nanyuki alitushauri tutenge siku tano. Nikapiga hesabu. Ada ya mbuga hulipwa kwa siku, kiongozi na msaidizi wake hulipwa kwa siku, wapagazi hulipwa kwa siku, chakula huliwa kwa siku. Nikamwambia, "Tutakwenda kwa siku nne. Hawa ni watoto wa milimani." Kiongozi akanitazama, akatazama viatu vyangu, akasema, "Sawa, mzee." Mpango wa kuiba ile siku moja ulikuwa wangu peke yangu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kujidanganya. Kutoka lango la Sirimon, mita 2,650, hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni kilomita tisa za barabara nzuri inayopita msituni. Vijana waliimba njia nzima. Siku ya pili tuliamka mapema kuelekea kambi ya Shipton, mita 4,200. Huko miti huisha, nyasi ngumu zikatanda kama mswaki, halafu ukaingia bonde la Mackinder ambalo sijui nilifananishe na nini. Lobelia zimesimama kama nguzo. Senesio, mimea yenye shina nene kama la mgomba na kichwa kama kabichi, imejipanga kando ya mto kama watu wanaosubiri baraza la chifu. Pimbi wanakuja hadi miguuni kudoea chakula. Mbele yako Batian na Nelion zimechomoza nyeusi angani. Nilisahau uchovu. Nilisahau pia kumtazama kijana wetu, ambaye tangu saa sita alikuwa ameacha kuimba.

HEWA HAIJAPUNGUZWA, IMETAWANYIKA

Wengi hudhani kwamba huko juu oksijeni inaisha. Sivyo. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, karibu asilimia 21, uwe Mombasa au juu ya Everest. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, hivyo kila unapovuta pumzi unapata hewa kidogo kuliko uliyozoea. Mjini Kisii, karibu mita 1,700, tunapata kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Penye kilele cha Lenana ni nusu na kidogo. Juu ya Everest ni thuluthi moja.

Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Hupumua kwa haraka zaidi, moyo hupiga mbio, na baada ya siku kadhaa damu nayo hubadilika. Usipoupa muda huo, kichwa huanza kuuma, chakula hakipiti, usingizi hauji. Ukizidi kupanda hivyo hivyo, maji huweza kuingia kwenye mapafu, au ubongo ukavimba. Haya mawili ni mauti, na yanaweza kumuua mtu katika muda wa saa chache. Nguvu za miguu hazikingi. Kwa hakika kijana mwenye nguvu yumo hatarini zaidi, maana miguu yake humfikisha haraka mahali ambapo mwili wake bado haujafika. Wala kuzaliwa Kiogoro hakukingi, kwa sababu mita 1,700 na mita 4,200 ni nchi mbili tofauti.

Madaktari wa milimani wana kanuni: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala usiku pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Sasa tazama safari za Himalaya ambazo tunaziogopa. Msafiri anayekwenda kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, huanzia Lukla, mita 2,860, na hutembea kwa takriban siku nane, akipumzika Namche na tena Dingboche. Ni mbali, ni baridi, lakini anapanda kidogo kidogo. Sisi je? Tulilala mita 3,300, kesho yake tukalala mita 4,200, na usiku huo huo tukakusudia kwenda mita 4,985. Nilipolinganisha hesabu hizi baadaye, mezani kwangu, niliona haya. Mlima wetu una barabara nzuri na uko karibu, na huo ukaribu ndio mtego wake.

SAA TISA USIKU

Pale Shipton kijana alikataa chakula. Akasema amechoka tu. Usiku nilimsikia akitoka nje mara mbili kutapika, na aliporudi akaniambia ni zile ndizi. Baridi ilikuwa imegandisha maji ndani ya chupa. Saa tisa tuliamshwa, tukanywa chai ya rangi, tukafunga taa vichwani na kuanza kukwea kokoto. Unapanda hatua mbili, unateleza moja. Hakuna anayezungumza. Unaona tu mwanga wa taa ya aliye mbele yako na unasikia pumzi yako mwenyewe kama ya mtu mwingine.

Tulipokaribia mita 4,700 kijana alianza kuyumba. Kiongozi akasimama. Hakumuuliza kama anaumwa. Alichora mstari kwa fimbo penye mchanga akamwambia autembee, kisigino kikigusa kidole, kama vile askari wanavyompima mlevi. Hatua ya tatu akaanguka upande.

"Huyu anashuka," kiongozi akasema. "Sasa hivi."

Kijana aliketi akalia. Msomaji, sijawahi kumwona akilia tangu alipokuwa mtoto. Alisema maneno ambayo yalinichoma, "Baba mdogo, nyanya aliuza mbuzi. Nitarudi nimwambie nini?" Nami, nisema kweli, kwa muda wa kama dakika moja nilisita. Kilele tulikuwa tunakiona. Mstari mwekundu wa alfajiri ulikuwa umeanza kutokea. Nilitaka kumwambia kiongozi tumshike mikono twende naye polepole, zimebaki mita 285 tu. Kiongozi alinisoma uso. Akasema, "Mzee, kilele hakihami. Shika mkono wake wa kushoto."

Msaidizi aliendelea na wale vijana wawili, ambao walifika na kurudi na picha. Sisi watatu tuliteremka. Tulipita Shipton bila kuketi. Kiongozi hakukubali kumwacha alale pale, kwani dawa ya ugonjwa huo ni moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kushuka. Katikati ya bonde la Mackinder kijana aliacha kuyumba. Alasiri, tulipoikaribia Old Moses, aliniuliza kama kulikuwa na ugali.

Basi wewe unayefikiria kuwapeleka wanao, ongeza siku, hata kama itakubidi uahirishe safari ukusanye pesa zaidi. Laleni Old Moses usiku wa pili: mchana pandeni mwendo wa saa mbili tatu, mrudi kulala chini. Ama mkatize safari kwenye kambi ya Liki North, karibu mita 4,000. Njia ya Chogoria ni ndefu na ina ziwa Michaelson lililo zuri ajabu, na urefu wenyewe unasaidia. Kunyweni maji hata kama hamna kiu. Suruali ya jinzi iacheni nyumbani, kwani ikilowa haikauki na baridi yake hufika mfupani. Koti zito, glavu na soksi za sufu mtazipata kwa bei nafuu katika mitumba. Kuna vidonge vinavyomsaidia mtu kuzoea, lakini hayo zungumza na daktari kabla ya safari, usisubiri ufike Nanyuki. Na muhimu kupita yote, mwambieni kila mtoto mbele ya wenzake, kabla hamjaondoka, kwamba anayeumwa kichwa atasema, na kwamba hakuna atakayemdai chochote akisema. Mimi sikusema hivyo. Ndiyo maana alinyamaza.

Jambo jingine, msichelewe sana. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake baina ya 1934 na 2010, na imezidi kupungua. Wale vijana wawili walionionyesha picha zao walikuwa na jiwe jingi na barafu kidogo.

Mei 2024 zilifika habari za Cheruiyot Kirui, Mkenya mfanyakazi wa benki aliyekwenda Everest akitaka kufika kileleni bila oksijeni ya mtungi. Yeye alikuwa mkwezi mzoefu, si mgeni kama sisi, na aliijua hatari aliyoichagua. Alikufa mita chache chini ya kilele, na Nawang Sherpa, kiongozi wake wa Kinepali, naye hakurudi. Familia yake iliamua mwili ubaki huko huko, ili watu wengine wasihatarishe maisha yao kuuteremsha. Siku hiyo kijana alinipigia simu kutoka chuoni. Hatukuzungumza kuhusu Everest hata kidogo. Aliuliza habari za nyumbani, akanyamaza, kisha akasema, "Baba mdogo, yule kiongozi wetu, una namba yake?"

Ama kuhusu nyanya, tulifika Kiogoro jioni, tumechubuka midomo kwa jua na baridi. Alikuwa amesonga obokima na kupika chinsaga. Kijana alimweleza yote bila kuficha, hata lile la kuanguka kwenye mstari. Nyanya alisikiliza hadi mwisho. Akamwongezea mboga, akauliza kama yule mtu wa Nanyuki aliyemteremsha ana watoto wangapi, na kama alilipwa vizuri. Nilimwambia alilipwa. Akauliza kiasi. Nilipomtajia, alisonya, na asubuhi yake akanipa shilingi 500 zilizokunjwa katika leso, nimtumie.