Mtu wa Kuitwa

Msafiri mwenye busara hufunga chakula chake, huweka nauli mahali salama, kisha huaga jamaa zake. Walakini liko jambo moja ambalo wengi hulisahau: kuchukua jina la mtu wa kuitwa wakipatwa na hatari.

Mwezi wa Mei, mwaka 1996, meli MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapakia watu wengine Kemondo, ikashika njia ya Mwanza. Meli ile iliundwa kuchukua abiria 430, lakini siku ile walizidi sana. Asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa karibu, ilipinduka ikazama. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Kwa hiyo hata leo hesabu kamili ya waliokufa haijulikani, nao ni mamia mengi. Wengine walizikwa Igoma, Mwanza, pasipo kutambuliwa.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo; 19 walikufa, 24 wakaokoka. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini majina yaliandikwa, hata kila aliyekufa akajulikana.

Basi jina lina faida. Lakini ni nani apelekewe habari? Kitambulisho cha Taifa hupewa mtu aliyetimiza miaka 18. Humweleza mwenyewe, hakimtaji wa kuitwa. Huko Florida, Marekani, tangu mwaka 2006 mwenye leseni ya udereva au kitambulisho aweza kuandikisha jamaa zake katika daftari la serikali, na polisi hulitazama wakati wa ajali.

Sisi nasi twaweza kutumia kikaratasi. Andika jina lako, jina la mlezi wako, kijiji chake na nambari yake ya simu. Kisha andika mtu wa pili, maana huenda yule wa kwanza akawa safarini pamoja nawe. Kifunge katika nailoni kisilowe, wala usikionyeshe ovyo.

Tena, mtu mzima amtunzaye kipofu, au mzee asiyeweza kuondoka kitandani, aongeze maneno haya: "Nyumbani yuko mtu anitegemeaye." Kwa maana mtunzaji akiumia njiani, yule wa nyumbani hana wa kumpa hata maji. Hivyo kikaratasi kimoja huweza kuokoa watu wawili.