Mpambaji Kafunga Duka, Advansi Iko kwa Nani?

Shughuli za Kibiti na Ikwiriri hulipiwa mapema: maturubai, viti, mapambo, muziki. Watu wa visiwani, Mbwera au Kiongoroni, hutoa advansi kubwa zaidi, kwa kuwa mzigo unavuka kwa boti na mwenye boti hakopeshi. Harusi imebakiza siku mbili, simu ya mpambaji haipatikani na dukani kuna kufuli.

Wengi hukimbilia polisi. Kama alipokea pesa huku akijua hana hata kiti kimoja, hilo linaweza kuwa kosa la jinai. Kama biashara imemfia tu, ni madai, na swali la kwanza ni: nani alipokea pesa? Fungua meseji ya muamala usome jina. Wapambaji wengi wamesajili jina la biashara tu kwa wakala wa usajili, BRELA, wengine hata hilo hawana, na jina la biashara haliwi mtu mbali na mwenye biashara. Duka likifungwa, deni linamfuata nyumbani, na mali yake mwenyewe inaweza kuuzwa kulilipa. Kampuni ni habari nyingine. Ikifilisika unamdai mfilisi, nawe unapanga foleni nyuma ya benki yenye dhamana, mishahara na kodi. Mara nyingi zamu yako haifiki.

Kuna mafuriko pia. Yale ya Aprili 2024 yalizamisha vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti. Mpambaji aliyezuiwa na maji hana kosa. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba usiowezekana tena kutekelezwa humtaka aliyepokea faida airudishe. “Ni kazi ya Mungu” haigeuzi advansi kuwa sadaka.

Mahakama ya mwanzo inatosha: madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30 husikilizwa hapo, na si lazima uwe na wakili. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba; kuyathibitisha, mjumbe wa kamati ya harusi aliyekuwepo aje aseme. Meseji usiifute; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaipa nafasi katika ushahidi. Ukishinda asipolipa, rudi mahakamani kukazia hukumu, hatua ambayo wengi huiacha kwa kuchoka.

Kwa shughuli ijayo ya kisiwani, advansi iwe ndogo, na fungu kubwa litoke mzigo ukishapakiwa botini katika bandari ya Nyamisati.