Michango ya Hisani kwa Njia ya Blokcheni: Yapasayo Kuchunguzwa Kabla ya Kutuma

Kwetu Busia, Malaba na Tororo, mto Nzoia unapofurika Budalang'i au udongo unapoporomoka Bududa, desturi yetu ni kuchanga. Siku hizi wito wa kuchanga hufika kwenye simu ukitaja neno jipya: blokcheni. Tumeona vyema kulieleza, ili mwenye moyo wa kutoa asije akamnufaisha tapeli.

Blokcheni ni daftari la kompyuta ambalo nakala zake hutunzwa na wengi kwa wakati mmoja, si na mweka hazina peke yake. Kila ukurasa mpya hubeba alama inayotokana na ukurasa uliotangulia. Mtu akibadili tarakimu moja ya zamani, alama za kurasa zinazofuata huacha kulingana, na nakala za wengine humuumbua. Hivyo mchangaji aweza kuifuata fedha yake hatua kwa hatua.

Njia hii imekwisha kutumika. Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuitumia kuwapatia chakula wakimbizi wa Syria walioko Jordan. Nchini Kenya, shirika la Grassroots Economics, linalojulikana kwa noti za Bangla-Pesa zilizozinduliwa mjini Mombasa mwaka 2013, baadaye liliuhamishia mpango wake wa Sarafu kwenye blokcheni, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ukashirikiana nalo. Mwaka 2018, baada ya maporomoko ya Bududa, kampuni ya Binance ilitangaza mchango wa sarafu za kidijitali kwa waathiriwa.

Hata hivyo, daftari hili lina mipaka. Lathibitisha kwamba fedha imetoka pochi moja ikaingia nyingine. Halithibitishi kwamba mwenye pochi ni mjane wa Budalang'i, wala kwamba unga umemfikia. Tena, ukikosea kwa pesa za simu waweza kuomba muamala urejeshwe. Kwenye blokcheni hakuna wa kuombwa. Waganda wanaikumbuka Dunamiscoins, iliyofunga ofisi zake Desemba 2019 na kuwaacha maelfu ya watu mikono mitupu. Jina la kisasa halikuwalinda.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo.

Kwanza, uliza ni nani anayechangisha. Nchini Kenya uchangishaji wa hadhara huongozwa na sheria na huhitaji kibali. Nchini Uganda mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Anayekataa kuonyesha karatasi zake asipewe fedha.

Pili, uliza ni nani atakayekabidhi msaada, na mwenyekiti wa kijiji au chifu wa mahali pale anamfahamu.

Tatu, jihadhari na anayeahidi faida. Hisani haizai riba.

Nne, usimpe yeyote maneno ya siri ya pochi yako, hata akijiita afisa.

Ukitapeliwa, usifute ujumbe wowote. Hifadhi anwani ya pochi, namba ya muamala na saa uliyotuma, kisha fika mapema kituo cha polisi kilicho karibu nawe, upande wowote wa mpaka. Daftari lisilofutika humhifadhia mpelelezi nyayo za mwizi, na nyayo hizo huweza kumfikisha pale sarafu zilipobadilishwa kuwa shilingi.