Ligi za kompyuta: Kwa nini daftari la matokeo halimfai mcheza kamari

MACHI 2020 ulimwengu wa michezo ulisimama ghafla. Ligi Kuu ya Uingereza ilisitishwa tarehe 13 mwezi huo kutokana na janga la corona, ligi za hapa nchini zikafuata, na mapema Aprili serikali ikapiga marufuku watu kuingia au kutoka Kaunti ya Mombasa. Vibanda vya kutazamia kandanda vya Likoni, Kisauni na Changamwe vikakosa cha kuonyesha. Waliozoea kubashiri matokeo wakajikuta wakifuatilia ligi ya Belarus, nchi ambayo wengi wao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa ligi chache sana duniani zilizoendelea kuchezwa.

Kulikuwa na ligi nyingine ambayo haikusimama hata dakika moja. Ni ile isiyo na uwanja wala wachezaji, inayochezwa ndani ya kompyuta na kuonyeshwa kwenye simu, timu zake zikipewa majina yanayokumbusha London, Manchester na Liverpool. Mechi moja humalizika kwa dakika chache. Baadhi ya ligi hizo huwa na timu 16 na raundi 30, na msimu mzima hukamilika katika muda usiofika saa tatu. Corona ilipita, viwanja vikafunguliwa, lakini ligi hizo hazikuondoka. Leo zinachezewa kwenye mabaraza ya Mtopanga, kwenye vituo vya bodaboda vya Magongo na katika foleni ya feri ya Likoni, ambako mwenda kwa miguu huvuka bure ingawa dakika zake za kungoja si za bure tena.

Si ajabu kumkuta kijana ameshika daftari ambamo ameandika matokeo ya misimu iliyopita: nani alimfunga nani, timu gani imepoteza mara tano mfululizo na kwa hiyo "zamu yake imefika". Ni kazi ya bidii, na yeyote aliyewahi kufuatilia kandanda kwa dhati ataiheshimu. Tatizo ni kwamba daftari hilo linafaa kwa aina moja ya ligi za kuigiza, na kijana huyu anacheza aina nyingine kabisa.

Ili kuelewa tofauti hiyo, tuitazame Marekani, ambako desturi ya kuigiza msimu mzima wa mchezo ni ya zamani. Mchezo wenyewe ni besiboli, ambao kila tendo lake huhesabiwa na kuandikwa: mrushaji karusha mpira, mpigaji kaupiga au kaukosa, kafika kituo cha kwanza au katolewa. Kwa kuwa kumbukumbu hizo zimehifadhiwa kwa zaidi ya karne moja, mwaka 1951 kampuni ya APBA ilianza kuuza kadi za wachezaji, na mwaka 1961 Hal Richman akatoa mchezo wake wa Strat-O-Matic. Kila kadi imetengenezwa kutokana na rekodi za kweli za mchezaji. Unarusha dadu, unasoma kadi, unaandika kilichotokea. Mwaka 1999 ikaja programu ya kompyuta iitwayo Out of the Park Baseball, iliyotungwa na Mjerumani Markus Heinsohn, inayoweza kuendesha ligi nzima kwa miaka mingi.

Raha ya michezo hiyo ni swali moja: ingekuwaje? Mfano unaogusa wengi ni wa Josh Gibson. Alikuwa mpigaji hodari katika ligi za weusi, wakati ambapo ligi kuu za besiboli zilikuwa za wazungu peke yao. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla ya Jackie Robinson kuuvunja ubaguzi huo tarehe 15 Aprili mwaka uo huo. Ilipofika Mei 2024, ligi kuu ziliziingiza takwimu za ligi za weusi katika rekodi zake rasmi, na Gibson, marehemu wa miaka 77, akatambuliwa kuwa mwenye wastani bora wa upigaji katika historia yote, .372. Uamuzi huo ulirekebisha kitabu tu. Kumwona Gibson akikabiliana na warushaji aliozuiwa kukutana nao ligini, msimu baada ya msimu, kunawezekana ndani ya ligi ya kuigiza pekee, na wapo watu wazima wanaokesha wakifanya hivyo.

Katika ligi ya namna hiyo, historia ina uzito. Mchezaji aliyeumia Aprili hayupo Juni. Mrushaji aliyechoka jana hurusha vibaya leo. Kijana hukua, mzee hupungua nguvu, na timu iliyomuuza nyota wake huumia kwa miaka. Mwenye daftari hapo ana faida ya kweli, maana jambo lililotokea jana ni sababu ya lile litakalotokea kesho. Msimu wa besiboli wa 2020 uliopaswa kuanza tarehe 26 Machi ulipoahirishwa hadi 23 Julai, Wamarekani wengi walifuatilia misimu ya kuigiza iliyochapishwa siku baada ya siku na Strat-O-Matic, na pia na tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference iliyotumia programu ya Heinsohn.

Ligi ya kompyuta iliyo kwenye simu ya kijana wetu imevaa mavazi hayo hayo: ina jedwali, mabao na bingwa. Ndani yake, hata hivyo, mna mashine ya kuchagua namba za kubahatisha. Kwa kawaida namba hiyo ndiyo inayoamua matokeo, na picha za wachezaji wakikimbia hufuata tu ili macho yapate cha kutazama. Mashine haikumbuki kwamba timu ilifungwa mara tano. Dadu halina deni na mtu. Hata pale timu moja inapopewa nguvu kuliko nyingine, nguvu hiyo imekwisha kuhesabiwa katika kiwango cha malipo kabla ya mchezaji kugusa simu.

Na viwango hivyo ndipo penye siri yote. Tuseme mechi inalipa mara 2.40 timu ya nyumbani ikishinda, 3.20 ikiwa sare, na 2.80 wageni wakishinda. Ukitaka kuhakikisha unalipwa Sh100 kwa matokeo yoyote yale, itakubidi uweke takriban Sh42 kwa wenyeji, Sh31 kwa sare na Sh36 kwa wageni. Jumla ni Sh109. Umelipa Sh109 ili upate Sh100. Hizo tisa ni za mwenye duka. Kwa maneno mengine, kila Sh100 inayochezwa hurudisha wastani wa Sh92. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo katika mkeka mmoja, upungufu hujizidisha na wastani huanguka hadi Sh66.

Mtu aweza kusema kwamba hata ligi za kweli zina makato hayo. Ni kweli, lakini ligi ya kweli huenda polepole, na mwenye kuijua vyema aweza kugundua jambo ambalo aliyepanga viwango hakuligundua. Ligi ya kompyuta haina wa kuumia mazoezini wala kocha aliyefutwa usiku, na kasi yake ndiyo hatari kubwa. Mwenye Sh1,000 anayezungusha kila kinachorudi mara 20 katika mechi moja moja atabaki, kwa wastani, na kama Sh190. Katika kandanda halisi mizunguko 20 ni nusu msimu, miezi kadhaa. Kwenye simu ni alasiri moja. Isitoshe, Sheria ya Fedha ya 2025 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazoingizwa katika akaunti ya kamari, na kodi nyingine ya asilimia 5 zinapotolewa.

Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari, iliyotiwa saini Agosti 2025, ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 na kuunda mamlaka mpya ya usimamizi. Leseni na matangazo yamo mikononi mwake. Hesabu ya mashine itabaki ile ile, na hakuna udanganyifu unaohitajika ili mchezaji apoteze.

Mwenye kupenda daftari lake asilitupe. Mombasa ina msimu wake unaostahili kuchezwa upya kwa kadi na dadu: ule wa 1965, Feisal ilipotwaa ubingwa wa taifa. Kwa miongo mingi iliyofuata Pwani iliukosa ubingwa huo, hata Bandari ilipomaliza ya pili mwaka 2018 na tena msimu wa 2018/19. Kadi hizo zitahitaji majina, mabao na tarehe, na mahali pa kuanzia ni magazeti ya zamani na wazee waliokuwa uwanjani.