Kamera ya bei, ndege kama punje ya mtama

NILIPOMWONYESHA mke wangu picha ya kwanza niliyoipiga kwa kamera yangu mpya, aliisogeza karibu na taa, akaigeuza huku na huku, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, huyo ndege yuko wapi?"

Ndege alikuwepo. Alikuwa mdiria, yule mdogo mwenye kichwa cha buluu na mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ametua juu ya funjo kando ya Ziwa Naivasha. Tatizo ni kwamba katika picha iliyojaa maji, mafunjo na anga, alionekana kama punje ya mtama iliyodondoka mezani. Nayo kamera, ambayo hata haikuwa mpya kwa hakika bali ilikuwa mpya kwangu, ilikuwa imemeza shilingi 85,000. Hizo zilikuwa pesa za zamu yangu katika chama, na zilikuwa zimepangiwa kazi nyingine kabisa. Mabati ya jikoni yangali yanavuja hadi leo.

Aliyeniuzia, katikati ya jiji la Nairobi, hakunidanganya. Alisema hiyo ilikuwa kamera ya fulu fremu, aina wanayobeba mabwana wakubwa wanaokwenda kupiga picha za simba Maasai Mara. Hayo yote yalikuwa kweli. Asichoniuliza, nami kwa tamaa yangu sikujiuliza, ni nilikuwa nakwenda kupiga picha ya nini, kutoka umbali gani, na kwa lenzi ipi.

Basi msomaji, ikiwa nawe umevutiwa na ndege na una akiba kidogo mfukoni, nipe sikio kabla hujaingia dukani.

Enzi za filamu, kipande kimoja cha filamu ya kawaida kilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera za kidijitali zilipokuja, mahali pa filamu pakawekwa kihisi, yaani kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kutengeneza kihisi cha ukubwa ule ule wa filamu kulikuwa ghali mno, kwa hivyo kampuni zikakipunguza. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na kihisi kidogo. Canon ilitoa EOS-1Ds yenye kihisi kizima mwaka 2002, na Nikon ikafuata na D3 mwaka 2007. Hicho kizima ndicho wauzaji wanachokiita fulu fremu. Kile kidogo, cha milimita 23.5 kwa 15.6 au chini kidogo kwa upande wa Canon, ndicho kropu.

Utasikia wajuzi wa vijiweni wakisema kwamba ukiifunga lenzi ya milimita 300 kwenye kropu inageuka kuwa ya milimita 450. Haigeuki. Lenzi ni ile ile, na taswira inayoiangusha juu ya kihisi ni ile ile. Kinachobadilika ni kiasi cha taswira hiyo kinachopokewa na kibamba kilichoko nyuma yake.

Chukua mdiria wangu. Ana urefu wa sentimita 13 hivi. Alikuwa mita 20 kutoka kwenye mashua, na lenzi yangu ilikuwa ya milimita 300. Fanya hesabu ya darasa la saba: taswira yake juu ya kihisi ina urefu usiofika hata milimita 2. Iwe ni fulu fremu, iwe ni kropu, mdiria ni milimita 2 tu! Kwenye kihisi changu cha milimita 36 alichukua sehemu moja kati ya 18 ya upana. Kwenye kropu angechukua moja kati ya 12. Kamera yangu ina pikseli milioni 24, na kati ya hizo, mdiria aliangukiwa na safu ya pikseli kama 325 kutoka mdomo hadi mkia. Kropu yenye pikseli milioni 24, kwa kuwa imezibananisha mahali padogo, ingempa karibu 500. Tofauti hiyo ndiyo manyoya, na ndiyo jicho. Mimi nilikuwa nimelipia anga.

Wenye uwezo wana njia yao, kwani ziko fulu fremu zenye pikseli nyingi mno. Nikon D850 ya mwaka 2017 ina zaidi ya milioni 45, na ukiikata picha yake hadi ukubwa wa kropu unabaki na milioni 19 hivi. Huyo amenunua kamera mbili katika moja, na amelipa kama aliyenunua mbili.

Lakini nisiwe kama mtu aliyeumwa na nyoka akakimbia hata ung'ong'o. Fulu fremu ina siku zake. Nenda Dandora kwenye jaa la taka umwangalie kongoti, yule ndege mwenye upara na kifuko kinachoning'inia shingoni. Huyo anaweza kufika karibu mita moja u nusu kwenda juu. Akisimama mita 20 kutoka kwako, lenzi ile ile ya milimita 300 inaangusha taswira ya milimita 22 hivi. Anaenea vizuri kwenye kimo cha 24 cha fulu fremu, ilhali kwenye kropu utalazimika kuchagua kati ya upara na miguu. Vivyo hivyo heroe wa Ziwa Bogoria, wanapokusanyika kwa maelfu. Huko humtafuti mmoja, unautafuta ukingo mzima ulivyogeuka rangi ya waridi.

Kisha kuna suala la mwanga, na hapa ndipo wengi wetu huchanganyikiwa. Eneo la fulu fremu ni zaidi ya mara mbili ya lile la kropu. Ndege akilijaza, unakusanya mwanga zaidi ya mara mbili, na zile chengachenga zinazotokea picha ikipigwa gizani hupungua sana. Msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi una bundi mdogo mwenye urefu wa sentimita 17 hivi. Mchana hulala ndani ya vichaka, kwenye kivuli kizito. Waelekezi wa pale humjua alipo na huweza kukufikisha hatua chache tu kutoka kwake. Ukiwa na lenzi ya milimita 500 na bundi yuko mita 5 mbele yako, anaijaza fremu nzima, na hapo fulu fremu inalipa kila senti. (Mwanga wa kumulika usiutumie hata kidogo. Ni macho ya bundi hayo, tena aliyelala.)

Hata hivyo, angalia neno "akilijaza". Mdiria wangu hakulijaza. Nilipoikata picha ili mke wangu amwone, niliutupa pia mwanga wote wa ziada nilioununua. Kilichobaki ni kile kile ambacho kropu ingenipa, tena kwa pikseli chache zaidi.

Haya yote nilimsimulia kijana aliyenipeleka ziwani siku ile. Ana mashua ya kukodi, na siku moja alinipigia simu, sauti imejaa furaha. "Kaka, nimepata kamera kama yako!" Alikuwa ameweka akiba msimu mzima wa watalii, akitaka kuwauzia wageni wake picha nzuri kuliko zile wanazojipigia kwa simu. Pesa zote zingekwisha kwenye kamera. Lenzi, alisema, Mungu angeleta baadaye. Nilimwambia asubiri, nikapanda matatu Jumamosi iliyofuata.

Tulikaa ndani ya mashua tukahesabu. Wapo wadiria wa mita 15 hadi 20. Jua la Naivasha saa mbili asubuhi halina uhaba. Wapo tai wala samaki, ambao huwarushia samaki ili washuke karibu. Kwa hali hiyo, nikamwambia, jibu lake liko wazi: kropu iliyotumika, na pesa zinazobaki zote ziende kwenye lenzi ya milimita 150 hadi 600. Lenzi hiyo ikimpata mdiria wa mita 20 inampa taswira ya karibu milimita 4, maradufu ya ile yangu. Hakuna kihisi duniani kinachoweza kuleta tofauti hiyo.

Alikuwa na hofu moja ya haki. Tai akishuka amekunjua mabawa, kropu si itamkata? Itamkata, maana mabawa yale yana upana wa mita 2 hivi. Ndiyo sababu lenzi inayovutika ni bora kwake kuliko isiyovutika: aipunguze mapema, kabla samaki hajarushwa. Ndege arukaye pia anadai kamera yenye kasi, na kwa kropu zilizotumika, Nikon D500 ya mwaka 2016 na Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 hupiga picha 10 kwa sekunde moja. Nilimsihi aulize idadi ya picha ambazo kamera imekwisha kupiga, kama vile mtu aulizavyo kilomita za gari kuukuu. Na ahakikishe kwamba lenzi ni ya aina inayokubali fulu fremu, kwani hiyo itafanya kazi kwenye zote mbili. Lenzi iliyoundwa kwa kropu peke yake huacha giza pembeni ukiihamishia fulu fremu.

Alihangaika wiki tatu, na ilimbidi akope kidogo kwa kakake ili afikie bei ya lenzi. Juzi akanitumia picha. Mdiria ametua juu ya funjo, ana kidagaa mdomoni, na unaweza kuhesabu matone ya maji kifuani mwake.

Nilimpa mke wangu simu bila kusema kitu. Aliitazama, akatabasamu.

"Huyu sasa ni ndege," akasema. "Kijana alinunua kamera yake kwa pesa ngapi?"

Nilijifanya kuwa sikusikia, nikatoka nje kutafuta sufuria la kuweka jikoni. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha.